Mtoto wa Karatasi: Faili la Kiwandani

Mlango wa masjala ya mahakama ulifunguka, na aliyeingia alikuwa Mwalimu Mkuu mwenyewe.

Naam, msomaji wangu, ni yeye. Tulimwacha Karatasi kwenye benchi la wageni, nyuma ya mlango, macho kwenye kitasa kilichokuwa kinazunguka taratibu. Basi kitasa kimezunguka hadi mwisho. Mzee ameingia, kofia mkononi, viatu vinang'aa, shati limepigwa pasi hata ukosi ungeweza kukata mkate.

Mtego wa Karatasi umenasa.

Kama toleo lililotangulia la gazeti hili lilikupita, mtego ni huu. Juzi, akimpima mke wa Mwalimu gauni la Jumamosi, Karatasi ambaye ni fundi cherehani, tena fundi asiyependa maneno, aliacha neno moja limtoke. "Mama Mwalimu, nasikia wiki ijayo mafaili yote ya zamani ya kesi za familia yanahamishiwa makao makuu. Kila moja litafunguliwa na kuorodheshwa." Hakuongeza. Akaendelea kupima kiuno. Wala hakusema uongo, maana tangazo limebandikwa ukutani pa mahakama hadi leo. Neno lile lilitembea kwa miguu yake hadi nyumbani kwa Mwalimu, likalala naye, na asubuhi hii ndilo lililomwamsha.

Mji mzima unajua kisa cha Karatasi nusu. Mama yake Karatasi alikuwa mpishi wa shule. Miaka zaidi ya thelathini alisema mtoto huyu ni wa Mwalimu Mkuu, na kwamba mahakama ilishaamua. Watu walipomwuliza ushahidi, alisema, "Karatasi ipo mahakamani." Nakala yake mwenyewe ililiwa na mchwa. Basi watoto wakampa binti jina hilo, na jina likaganda kama rangi ya mlango.

Mwalimu Mkuu yeye alikuwa na jibu moja tu: "Iko wapi hiyo kesi?"

Mara tano Karatasi alikuja masjala kuitafuta. Mara tano kitabu cha mwaka ule kilifunuliwa ukurasa kwa ukurasa, na mara tano jina la Mwalimu halikuonekana.

Mwaka jana mama akafa. Siku ya mazishi Mwalimu Mkuu alikuja, akakaa mbele, akasimama kuzungumza. Alisema, "Marehemu alinisingizia maisha yake yote. Lakini mimi nimemsamehe. Nanyi msameheni." Watu wakafuta machozi kwa wema wa mzee yule.

Tangu siku hiyo Karatasi hakulia tena. Jumamosi hii shule inafungua ukumbi mpya, na ukumbi utaitwa kwa jina la Mwalimu. Imeandikwa kisasi ni cha Mungu. Karatasi analijua hilo, maana husali asubuhi na jioni. Ila siku hizi sala yake ilikuwa fupi: "Mungu wangu, kama kisasi ni chako, basi nitume mimi."

Mwalimu hakumwona. Alikwenda moja kwa moja dirishani, alipokaa karani ambaye watu wote humwita Mama Masjala, mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyebakiza miezi michache kustaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, marahaba. Habari za kazi, mama. Nina haja ndogo tu. Kuna faili moja la zamani nataka kulitupia jicho. Mambo ya historia ya shule."

"Historia ya shule iko shuleni, Mwalimu. Hapa tuna talaka, mirathi na watoto. Unataka lipi katika hayo?"

Mwalimu akacheka kidogo, cheko la puani. "Bado una maneno yako. Nipe dakika tano tu, hata hatuna haja ya kuandikishana. Mimi na wewe tunajuana."

"Tunajuana sana. Darasa la nne ulinichapa kwa kuacha nafasi wazi kwenye mtihani. Ukasema swali lisilojibiwa halina alama." Akamsogezea fomu. "Hii ina maswali manne."

Ilikuwa desturi ya Mama Masjala kumsomea kila mtu fomu kwa sauti, ajuaye kusoma na asiyejua, ili asije mtu kudai baadaye kwamba hakuelewa. Akaanza.

"La kwanza, mwaka wa shauri."

Mwalimu akaandika.

"La pili, shauri lilisikilizwa wapi?"

Hapo kalamu ikasita. Mwalimu akainama, akanong'ona.

"Sema tena, sikio hili nalo lina miaka yake."

"Kiwandani," akasema Mwalimu. "Kiwanda cha pamba, ng'ambo ya mto. Kwenye banda la mizani. Mwaka ule upepo uling'oa paa la mahakama, hakimu akawa anazunguka vituoni. Na mimi nilikuwa mkuu wa shule ya huko."

Kwenye benchi, Karatasi alishika mbao kwa mikono miwili.

Mara tano. Mara tano amevuka mji na jua, akarudi mikono mitupu, kumbe wamekuwa wakitafuta sungura kwenye zizi la mbuzi. Kitabu kikubwa kile ni cha kesi zilizosikilizwa hapa. Zile za kuzunguka zilikuwa na kitabu chao, chembamba, chenye jalada la kijani, na hakuna aliyekiomba kwa sababu hakuna aliyejua. Mama yake asingejua. Kwa mama, hakimu akikaa juu ya gunia la pamba, pale ndipo mahakamani. Hapa duniani amebaki mtu mmoja aliyekumbuka mahali penyewe, naye ni yule aliyeomba kila siku pasahaulike.

"La tatu, sababu ya kuomba."

"Kumbukumbu binafsi."

"La nne." Mama Masjala akaisukuma miwani juu. "Wewe ni nani katika shauri hili?"

Nje mtu alikuwa akipiga mashine ya chapa, tak, tak, tak.

"Hilo nalo lazima?"

"Faili la familia halifunguliwi kwa mpita njia, Mwalimu. Ni mlalamikaji, mlalamikiwa, mtoto aliyetajwa, au wakili wao. Kama wewe si mmoja wao, niambie tu, nitakuaga vizuri. Wiki ijayo makao makuu watalifungua wenyewe."

Hebu mtazame, msomaji. Akisema si yeye, faili linakwenda kusomwa na wageni. Akisema ni yeye, miaka thelathini na nne ya "iko wapi hiyo kesi" inamrudi mdomoni. Jasho lilimtoka chini ya sikio, likashuka taratibu hadi kwenye ule ukosi.

Akaandika neno moja.

"Soma," akasema Mama Masjala.

"Kwani huoni?"

"Naona. Mwandiko wako ndio mzuri kuliko wote mji huu. Lakini ndiyo desturi."

Mwalimu Mkuu akasafisha koo. "Mlalamikiwa."

Muhuri ukashuka.

"Nimesikia," ikasema sauti nyuma ya mlango.

Mwalimu aligeuka kama aliyeguswa na kaa la moto. Karatasi alikuwa bado amekaa, mkoba mapajani, miguu imepangwa sawasawa kama ya mtu aliye kwenye ibada.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nasubiri zamu yangu, Mwalimu. Benchi ni la umma."

"Umenitega."

"Mimi? Mimi nilipima gauni tu."

Mkono wa Mwalimu ulirudi dirishani haraka, ukaifuata fomu. Haikuwepo. Mama Masjala alikuwa ameshaitia kwenye droo, na funguo zimerudi kiunoni.

"Ikishapigwa muhuri ni mali ya mahakama," akasema. "Ngoja nikaitafutie mwenzake."

Akatokomea katikati ya rafu. Wakabaki wawili. Mwalimu alitazama dirisha, Karatasi alimtazama Mwalimu. Walisikia karani akikohoa vumbi, akisukuma ngazi, akikohoa tena. Aliporudi alikuwa na faili jembamba, limefungwa uzi wa katani, kingo zake zimekuwa rangi ya chai.

"Nitalipeleka garini, nina miwani yangu huko," akasema Mwalimu.

"Linasomwa hapa, mbele yangu, mikono juu ya meza. Hata angekuja hakimu."

Karatasi akainuka. Fomu yake aliijaza pale pale, maana mwaka alikuwa nao tangu zamani, na sasa mahali anapo. Swali la nne aliandika bila kusita: mtoto aliyetajwa. Mama Masjala alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akaitikia kwa kichwa.

"Mlalamikaji, mpishi wa shule. Mtoto, wa kike, umri miezi miwili. Haya, sogea. Muhuri nitakupigia ukimaliza."

Na hapo, msomaji wangu, Karatasi akaisoma karatasi.

Hukumu ilikuwa ya mistari kumi na moja. Mahakama imeridhika kwamba mlalamikiwa ndiye baba wa mtoto. Jina lake liandikwe kwenye cheti cha mtoto. Atangaze mbele ya kamati ya shule. Chini yake kulikuwa na maneno ya mama, yameandikwa kwa mkono wa hakimu, yale aliyojibu alipoulizwa anadai nini: "Sitaki kitu chake. Nataka aseme mbele ya watu kwamba ni wake."

Karatasi aliyasoma mara mbili. Alisikia sauti yenyewe, ile ya kusema jambo huku akikoroga chungu.

"Nataka nakala yenye muhuri," akasema. "Kabla ya Jumamosi."

"Ijumaa mchana itakuwa tayari."

Ndipo akamgeukia. Hakupaza sauti, na laiti angepaza, maana ile ya chini iliogopesha zaidi.

"Jumamosi nitakuja ukumbini, Mwalimu. Nitawahi, nikae mbele. Wakishavuta kitambaa jina lako lionekane, nitasimama, nisome hii. Taratibu, neno kwa neno, na nukta nitaipumzikia kama ulivyotufundisha. Nikimaliza, nitakusamehe. Mbele ya watu wote. Kama ulivyomsamehe mama yangu."

Alingoja aone uso ule ukisawijika. Ameungoja mwaka mzima.

Mwalimu Mkuu akatabasamu.

"Mama karani," akasema, "mgeuzie ukurasa."

Mama Masjala akageuza. Akasoma kimya. Midomo yake ilikuwa ikitembea, halafu ikasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma upya.

"Kuna nini?" akauliza Karatasi.

"Miezi miwili baada ya hukumu, shauri lilirudi mbele ya hakimu." Sauti ya karani ilikuwa imepungua. "Mlalamikaji hakufika. Imeletwa hati ya kiapo. Na kibali cha maziko. Mtoto alifariki akiwa na miezi minne. Hakimu ameandika, shauri limefungwa kwa kuwa mtoto hayupo tena. Hukumu imeondolewa."

"Mtoto gani?"

"Huyu aliyetajwa."

"Mimi?"

Mama Masjala alivuta fomu ya Karatasi, akaitazama, muhuri ukiwa hewani mkononi mwake. Kisha akaurudisha kwenye kibweta chake.

"Mwanangu, umeandika wewe ni mtoto aliyetajwa. Mtoto aliyetajwa alikufa. Siwezi kukupa nakala. Hata hii uliyosoma, haikuwa haki yako kuisoma."

"Lakini mimi si huyu hapa?"

"Mimi nakuona," akasema Mama Masjala kwa uchungu. "Fomu haikuoni."

Akalifunga faili.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshatulia kama mtu aliyeshiba. Alivuta kiti, akakaa, akakunja nne. "Ulidhani nimekuja kuficha? Binti, mimi nimekuja kuchukua. Niliposikia yanahamishwa, nikasema wapo watakaousoma ukurasa wa kwanza wasifike wa pili. Mama yako alizika, masikini. Akaokota wa pili sijui wapi, akambandika jina langu. Mimi nikanyamaza kwa kumhurumia. Lakini kwa kuwa umeyataka, Jumamosi nitasoma mimi. Ijumaa mchana, mama karani, nakala iwe tayari. Nadhani mimi haki yangu iko hai."

"Iko hai," akasema Mama Masjala, na ilikuwa kama anatema mfupa.

Karatasi alisimama pale. Asubuhi alikuwa mtoto asiye na baba. Sasa hakuwa hata mtoto. Mtu mwingine angepiga kelele, angelia, angetoka mbio, na Mwalimu alikuwa akilingoja hilo, maana ni silaha nzuri sana mwanamke anayelia mbele ya mashahidi.

Ila huyu ni fundi wa nguo. Fundi hapumbazwi na gauni lilivyokaa kwa nje. Huligeuza ndani akatazama mshono.

"Mama," akasema polepole, "faili siwezi kuomba. Utaratibu je, naweza kuuliza?"

"Utaratibu si siri. Uliza."

"Mlalamikaji akitakiwa afike mara ya pili, anajuaje?"

"Anapelekewa samansi."

"Anapelekewaje? Enzi zile, kule ng'ambo?"

"Kama ni mfanyakazi, ilipitia kwa mkubwa wake wa kazi. Mkubwa anapokea, anatia sahihi, anampa mwenyewe."

"Mama alikuwa mpishi wa shule."

"Basi mkubwa wake wa kazi ni..." Mama Masjala akamtazama Mwalimu Mkuu juu ya miwani. Halafu, bila haraka, akaufungua tena ule uzi wa katani.

"Umesema hana haki ya kulisoma," akasema Mwalimu, mguu ukishuka kutoka juu ya mwenzake.

"Yeye hana. Mimi ndiye karani, faili ni langu, nalisoma nikipenda na kwa sauti nikipenda." Akapekua hadi nyuma kabisa, akatoa kipande cha karatasi kidogo kama kiganja. "Samansi ya mlalamikaji. Imepokelewa. Na kwa kweli, Mwalimu, mwandiko wako haujabadilika hata kidogo."

Mama Masjala akakilaza kile kipande mbele yake, akamwuliza.

"Ulimpokelea samansi mtu uliyekuwa na kesi naye?"

"Ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Umesema mwenyewe."

"Nimesema mkubwa anapokea halafu anampa. Ulimpa?"

"Nani atakumbuka jambo la miaka thelathini na nne?"

"Kituo ulikikumbuka hadi banda la mizani," akasema Karatasi. "Upepo na paa ulikumbuka. Samansi ndiyo imekutoka."

Akasogea hatua moja. "Basi mama hakuitwa. Kama hakuitwa, si yeye aliyesema nimekufa. Mama, hiyo hati ya kiapo, ni nani aliyeapa?"

"Hilo limo ndani ya faili," akaruka Mwalimu.

"Ndani kabisa," akakubali Mama Masjala, na akasoma. "Mkunga wa zahanati ya kiwanda. Ameapa kwamba mtoto alikata roho mikononi mwake, alfajiri, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga sanda." Akainua kichwa. "Shahidi huyu bado yupo? Maana akiwepo, hakimu anaweza kumwita. Kiapo hakizeeki."

"Alishafariki," akasema Mwalimu. Alisema upesi mno. "Miaka mingi. Mungu amrehemu."

"Nimekufa lini, baba watoto?"

Wote watatu waligeuka.

Mlangoni alisimama Mama Mwalimu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mkoba mweusi kwapani. Mji ulimjua kwa jambo moja tu, kwamba ni mke wa Mwalimu. Alikuja akiwa ameshaolewa. Alikotoka, na alichokuwa akikifanya huko, hakuna aliyewahi kuuliza, na yeye hakuwahi kusema.

"Nilikuambia ungoje garini," akasema Mwalimu.

"Nimengoja miaka thelathini na nne. Gari limenichosha."

"Mama watoto, twende nyumbani. Haya mambo huyajui."

"Niyajue vipi tena? Nimeyasaini." Akaingia, akaufunga mlango nyuma yake, akamtazama Karatasi usoni. Juzi, wakati wa kupimwa gauni, alikuwa amefumba macho muda wote, na Karatasi alidhani ni kiburi. "Fundi, maneno yako niliyabeba kama yalivyo. Sikupunguza wala kutia chumvi. Nilimwambia akiwa anakunywa chai, nikaona kikombe kinavyotikisika, nikajua atakuja. Nikajiambia, akija, na mimi naja."

"Mkunga ni wewe," akasema Karatasi.

"Nilikuwa na miaka ishirini. Alikuja zahanati na karatasi imeshaandikwa. Akasema, saini hapa, nitakuoa. Nikasaini. Akanioa." Mama Mwalimu akamtazama mumewe kama mtu anayetazama samani ya zamani anayotaka kuitoa ndani. "Wengine humhonga shahidi. Huyu alimwoa wake."

Msomaji wangu, ungedhani hapo Karatasi alimkumbatia. Hakumkumbatia.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeniua."

"Ndiyo. Kwa kalamu."

"Mama akachekwa hadi anaingia kaburini. Na wewe siku ya mazishi ulikaa pembeni ya huyu, ukamsikia akisamehe."

"Nilikaa. Nilimsikia."

"Sikusamehe," akasema Karatasi. "Ujue hivyo kabla hujafanya lolote. Ukinisaidia, sitakusamehe. Nitakutumia tu, kama nilivyokutumia juzi."

Mama Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Akageukia dirisha. "Karani, nipe fomu. Nimekuja kuufuta ushahidi wangu."

Mama Masjala alikwishaitoa. Desturi ni desturi. Akasoma la kwanza, likajibiwa. La pili, likajibiwa. La tatu.

"La nne. Wewe ni nani katika shauri hili?"

"Shahidi," akasema Mama Mwalimu, akainama kuandika.

Karatasi alimgeukia Mwalimu Mkuu. Alitaka kuiona hofu hiyo kwa karibu, aende nayo nyumbani, ailalie. Lakini mzee hakuwa na hofu. Alikuwa amesimama, anaivaa kofia yake, anaiweka sawa kwa vidole viwili.

"Andika, mama watoto," akasema kwa upole, upole ule ule wa siku ya mazishi. "Andika yote. Ila kibali cha maziko hakikutolewa kwa kaburi tupu. Watu walikuja. Kaburi lilifukiwa, na mtoto alikuwemo, walimwona." Akamtazama Karatasi, kisha mkewe. "Ukishamwambia fundi wako kwamba hakuwa yeye, atakuuliza swali la tano. Mwambie, basi. Tuliyemzika kwa jina lake alikuwa mtoto wa nani?"

Kalamu ilisimama katikati ya neno. Mkono wa Mama Mwalimu uliiachia, ukashuka polepole kutoka dirishani, ukaenda kutua tumboni, pale mama anapombeba mtoto wake.